Mkato hauna nguvu ya -ka-: mhadhara kwa wanafunzi wanaojifunza kuandika Kiingereza

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, asanteni kwa kuja.

Naanza na sentensi ya Kiswahili: "Mvua ilikatika, tukatoka." Haina dosari. Anayeisoma anajua mvua ilitangulia, kutoka kukafuata, na mambo hayo mawili yameshikana. Sasa mwanafunzi anaiandika kwa Kiingereza: "The rain stopped, we went out." Mwalimu anauzungushia ule mkato wino mwekundu. Mwanafunzi anaitazama karatasi yake na haoni kosa. Tahajia ni safi, wakati uliopita umetumika sawasawa, kila neno lipo.

Kilichopotea ni -ka-. Katika "tukatoka", -ka- ndiyo fundo linalofunga kishazi cha pili kwa cha kwanza, na mkato pale unampa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi tu. Kiingereza hakina -ka-. Ukishaiondoa, vishazi viwili huru vinabaki vimesimama bega kwa bega bila kamba, na mkato peke yake hauwezi kuvifunga.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kazi kubwa ambayo Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi, kwa viambishi, Kiingereza huifanya kwa mpangilio wa maneno na kwa alama za uakifishaji. Ukilielewa hilo, utaacha kuziona alama kama mapambo ya kunyunyizia mwishoni, baada ya insha kwisha.

Turudi kwenye mvua yetu. Unaweza kuweka nukta: "The rain stopped. We went out." Hapo umetoa taarifa mbili na kumwachia msomaji aziunganishe mwenyewe. Unaweza kuandika "The rain stopped, so we went out", na sasa umetamka kwamba kukatika kwa mvua ndiko kulikowatoa. "When the rain stopped, we went out" inakishusha kishazi cha kwanza kiwe tegemezi, na uzito wote unakwenda kwenye kutoka. Kuna pia nukta-mkato: "The rain stopped; we went out." Alama hiyo ilianza kuonekana katika vitabu vya mchapishaji Aldus Manutius mjini Venice, miaka ya 1490, na tangu hapo imekaa katikati: ina nguvu kuliko mkato, ila haifungi mlango kama nukta. Sentensi zote nne ni sahihi, lakini hazisemi kitu kimoja. Kwa hiyo usiulize tu "ipi ni sahihi?" Jiulize ulitaka kusema nini.

Mfano wa pili unanigusa zaidi, kwa sababu nauona hata katika maandishi ya watu waliokwishahitimu. "Walking home, the rain soaked my books." Kwa Kiswahili tungesema: "Nikirudi nyumbani, mvua ililowesha vitabu vyangu." Imenyooka. Ni- ya "nikirudi" imeshataja nani alikuwa akirudi. "Walking" haina ni-. Haina mtu yeyote ndani yake. Msomaji wa Kiingereza humtafuta mtembeaji katika nomino ya kwanza baada ya mkato, na nomino hiyo ni mvua. Mrudishe mtu aliyepotea: "As I was walking home, the rain soaked my books."

Sasa tazameni hii: "The list of books are on the table." Wengi wenu mmeiandika, kwa sababu "books" iko karibu na kitenzi na inakivuta. Lakini itafsirini kwa Kiswahili. Nani hapa angesema "orodha ya vitabu viko mezani"? Hakuna. Sikio lenu lingekataa hapo hapo. Tunasema "orodha ya vitabu iko mezani", kwa sababu tangu utotoni tumezoea kupatanisha kila kitu na ngeli ya nomino kuu. Mnao ustadi wa upatanisho wa kisarufi kupita unaohitajika katika Kiingereza. Utumieni. Kitafute kiima, kitamke kwa Kiswahili, kisha rudi uandike "is".

Hata "a" na "the", ambazo wengi huzikatia tamaa, zina ndugu kwetu. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" hazina maana moja. Ile -ki- mara nyingi huashiria kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua tayari, na hapo ndipo Kiingereza huweka "the". Kipimo hiki hakifui dafu kila mahali, lakini kinakupa pa kuanzia.

Kuna watakaosema mkato ni jambo dogo. Nawaomba wasikie habari ya madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo hilo kuhusu malipo ya saa za ziada ilikuwa na orodha ya kazi zisizostahili malipo hayo, na orodha hiyo iliishia na maneno "packing for shipment or distribution". Hapakuwa na mkato kabla ya "or". Kampuni ikasema hizo ni kazi mbili: kufungasha, na kusambaza. Madereva wakasema ni kazi moja tu, kufungasha, iwe kwa kusafirisha au kwa kusambaza. Wao hawakufungasha chochote, walisambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona kwamba maneno yale yana utata, ikawapa madereva ushindi katika hoja hiyo. Mwaka 2018 pande mbili zilipatana kwa dola milioni 5. Bunge la jimbo nalo liliiandika orodha ile upya, safari hii kwa nukta-mkato kati ya kazi na kazi.

Sasa mazoezi. Sina ugomvi na mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, ila yana upungufu mmoja mkubwa: mtu mwingine ameshakuonyesha mahali pa kutazama. Katika insha yako hakuna mstari mtupu unaokuambia "hapa pana shida". Kuiona shida ndiyo nusu ngumu ya kazi, na haiji kwa kujaza nafasi.

Kwa hiyo andika aya yako mwenyewe, kisha ilaze hadi kesho. Ukirudi, usisake makosa yote kwa mpigo. Pita mara ya kwanza ukitazama mikato tu: pande zote mbili za kila mkato, je, kuna kishazi kinachoweza kusimama peke yake? Kama ndiyo, na hakuna kiunganishi, umepata kosa. Pita tena ukitazama viima na vitenzi, na safari hii anza na sentensi ya mwisho urudi juu, ili mtiririko wa hoja usikubebe ukapita juu ya kosa. Halafu soma kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama, weka alama.

Kila kosa ulilolipata liingie daftarini: kushoto sentensi kama ulivyoiandika, kulia ilivyosahihishwa, na chini sababu, kwa Kiswahili, kwa maneno yako. Baada ya siku kadhaa ziba upande wa kulia, usahihishe upya. Usiishie kusoma tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma na kurudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki nzima waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Mtihani hauji baada ya dakika 5.

Na programu za kusahihisha kwenye simu na kompyuta? Zitumieni, kwa sharti moja: usikubali sahihisho ambalo huwezi kulieleza sababu.

Chukueni karatasi. Naandika ubaoni sentensi moja: "Coming out of the classroom, the sun was very hot, the box of pencils were still on my desk." Ina makosa matatu, na yote tumeyagusa leo. Isahihisheni kwa njia mbili tofauti, na chini ya kila moja muandike kwa Kiswahili kilichobadilika katika maana. Baada ya dakika 10 tutazisoma kwa sauti, tukianzia na waliokaa nyuma.