Mguu Unaoruka Bila Ruhusa Yako: Jaribio la Goti Hatua kwa Hatua

Habari zenu, karibuni tena. Leo tunagonga magoti. Mahitaji ni machache: meza imara, mtu mmoja wa kujitolea, rula ya sentimita 30, na simu inayorekodi mwendo wa polepole. Nyundo ya fundi iacheni huko huko iliko. Tutatumia ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho.

Hatua ya kwanza, mkalishe mwenzako juu ya meza, miguu ining'inie, nyayo zisiguse sakafu. Wengi huharibu hapa. Mguu ukikazwa, huoni kitu. Mwambie aulegeze kabisa, kisha uusukume kidogo kwa kidole. Ukibembea wenyewe, yuko tayari.

Hatua ya pili, tafuta pa kugonga. Papasa pia ya goti, ule mfupa wa duara, halafu shuka chini yake kidogo. Kabla hujafika kwenye mfupa wa muundi, kuna sehemu inayobonyea. Nasogeza kamera... mnaona kidole changu kilipo? Hiyo ni kano, nayo ndiyo inayounganisha msuli wa mbele ya paja na muundi, ikipitia kwenye pia ya goti.

Hatua ya tatu, gonga. Pigo liwe jepesi na la haraka, mkono utoke hapo hapo. Haya... umeona? Sasa rudia, ila safari hii mkono wako wa pili uweke juu ya paja lake. Utausikia msuli ukishtuka chini ya kiganja, hata kama mguu wenyewe umesogea kidogo tu. Mimi napenda hapa kuliko lile teke.

Kimetokea nini? Ulipogonga kano, msuli wa paja ulivutwa ghafla. Ndani ya msuli mna vipokezi vidogo ambavyo kazi yao ni kuhisi kuvutwa. Vimetuma habari kupitia neva ya hisia hadi kwenye uti wa mgongo, usawa wa kiuno. Pale neva ya hisia imekutana ana kwa ana na neva inayoamrisha msuli ule ule, bila mtu wa kati. Amri imerudi: jikaze! Wakati huo huo msuli wa nyuma ya paja umepelekewa habari ya kutulia, usije ukavutana na mwenzake. Kuanzia pigo hadi msuli kuanza kuitika ni kama sekunde 0.02. Ubongo nao hupata habari, lakini hupewa taarifa tu, hauombwi ruhusa. Mwitikio wa namna hii ndio unaoitwa refleksi.

Na faida yake? Unashuka kwenye daladala, goti linataka kukunjika. Kukunjika huko kunauvuta msuli wa paja, nao unajikaza kabla hujajua kwamba ulikuwa unaanguka.

Mdogo wangu, nilipomgonga mara ya kwanza, alipiga teke la penalti. Ile haikuwa refleksi, alikuwa ananifurahisha tu. Ukirekodi kwa mwendo wa polepole, teke la uongo utalijua: linachelewa.

Linachelewa kiasi gani? Hatua ya nne, chukua rula. Mmoja aishike kwa juu, alama ya sifuri ikiwa chini, katikati ya kidole gumba na cha shahada cha mwenzake, bila kuguswa. Aiachie bila kuhesabu wala kutoa ishara. Ukiidakia kwenye sentimita 20, umetumia sekunde 0.2 hivi, karibu mara kumi ya goti. Hapa macho yameona, ubongo umeamua, ndipo vidole vikaamrishwa. Kudaka rula si refleksi, hata kama unaidaka upesi namna gani.

Ila msidhani ubongo hauna sauti kabisa. Ukigusa kikaango cha moto mkono hutoka kwanza, “uwii” inafuata. Lakini mama aliyebeba sufuria ya uji wa moto haiachii katikati ya watoto. Anakunja uso na kuifikisha mezani.

Goti lisiporuka sana, usiogope. Wapo wazima ambao lao huruka kidogo mno. Lakini upande mmoja ukitofautiana sana na mwingine, na mguu una ganzi au umeishiwa nguvu, hilo ni la daktari, si la video.

Kwa wenye goti gumu, hatua ya tano, mbinu iliyobeba jina la daktari wa Hungaria, Ernő Jendrassik. Mwambie mwenzako afunganishe vidole vya mikono miwili mbele ya kifua, avute kwa nguvu kama anataka kuviachanisha, macho yakiwa ukutani. Gonga wakati anavuta, usingoje aachie. Na usikae mbele ya mguu.