Ada ya Kadi Marekani: Soma Bei Kabla Hujachomeka Kadi

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Nyie mnaojiandaa kuja huku Marekani, masomo au matembezi, hii ni yenu. Jumla yako pamoja na kodi ni dola 84, unachomeka kadi, risiti inatoka dola 86.52. Hiyo 2.52 ni asilimia 3 ambayo muuzaji amekutoza kwa sababu umelipa kwa kadi ya mkopo.

Muuzaji naye anakatwa. Benki iliyotoa kadi inachukua fungu kubwa, Visa au Mastercard nao fungu lao, na kampuni inayomhudumia mashine nayo fungu lake. Mara nyingi jumla inaangukia asilimia 2 hadi 3 na kitu, na kadi zenye zawadi nono, zile zinazomrudishia mteja sehemu ya alicholipa, ndizo zinazomuumiza zaidi. Kwa miaka mingi gharama hiyo aliificha ndani ya bei. Januari 2013, kufuatia kesi ya wafanyabiashara dhidi ya mitandao ya kadi, ndipo Visa na Mastercard zikamruhusu aitoe nje aionyeshe kama ada.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu wengi wanapochanganywa. Kuna ada ya kadi, na kuna punguzo la keshi. Ukiangalia haraka ni kitu kilekile, lakini sheria zake ni tofauti kabisa. Swali la kujiuliza ni moja: bei iliyobandikwa kwenye rafu ni ya nani? Kama ni ya keshi na mwenye kadi anaongezewa, hiyo ni ada. Kama ni ya kadi na mwenye keshi anapunguziwa, hilo ni punguzo. Punguzo linalindwa na sheria ya nchi nzima, kampuni ya kadi haiwezi kulizuia. Ada ina masharti kibao: itangazwe mlangoni na pale unapolipia, ionekane kwa mstari wake kwenye risiti, na isizidi kile anachokatwa muuzaji mwenyewe. Kwa Visa kikomo ni asilimia 3 tangu Aprili 2023. Mastercard wao ni asilimia 4.

Kwa hiyo wapo wanaobandika bei ya chini, wakifika kaunta wanaongeza asilimia 3, halafu kibao kinasema "punguzo la keshi". Hiyo ni ada iliyovaa kanzu ya punguzo, na Visa wenyewe walishatamka hivyo.

Kadi ya debiti, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, haitakiwi kutozwa ada, hata kama umebonyeza "credit", yaani mkopo, kwenye mashine. Mashine inaitambua kwa tarakimu za mwanzo za kadi, kwa hiyo keshia akikwambia mashine haiwezi kutofautisha, mashine hiyo imesetiwa vibaya. Lakini angalieni vituo vya mafuta. Pale kuna bei mbili ubaoni, ya keshi na ya kadi, na baadhi ya vituo vinahesabu debiti kama kadi. Tofauti ya senti 10 kwa galoni, ukijaza galoni 12, ni dola 1.20. Hapo huna la kudai, kwa sababu huo ni mfumo wa punguzo, haujaongezewa kitu. Soma kibandiko cha pampu kwanza.

Majimbo nayo yana yake. Connecticut na Massachusetts ada ni marufuku. Colorado kikomo cha kawaida ni asilimia 2. New York, tangu Februari 2024, muuzaji lazima aandike bei kamili ya kadi kwa dola na senti. Kibao cha "tutaongeza asilimia 3" peke yake hakitoshi. Binafsi naona New York wamepatia, maana mteja hapaswi kupiga hesabu akiwa kwenye foleni.

Na zile zawadi za kadi? Kadi inarudisha asilimia 2, ada ni asilimia 3. Kwa bidhaa ya dola 100 unalipa 103, unarudishiwa 2.06, umebaki na hasara ya senti 94. Toa keshi. Na ukitumia kadi ya benki ya nyumbani, makato ya kubadili fedha yatapigwa juu ya jumla yote, ada ikiwemo. Mgahawani, bakshishi ihesabu kwenye kiasi cha chakula, kabla ya ada.

Ukirudisha bidhaa, ada nayo inarudi. Ukirudisha nusu, inarudi nusu. Wakirudisha bei wakabakiza ada, piga picha risiti zote mbili, ya kununua na ya kurudisha, fungua madai kwa benki iliyotoa kadi yako. Kama duka linatoza debiti au jimbo limekataza, malalamiko yapelekwe ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo hilo. Fomu iko mtandaoni.