Biashara Inauza, Fedha Iko Wapi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Swali ninaloulizwa zaidi na wenye biashara ndogo ni hili: wateja wapo, mzigo unatoka, mbona mwisho wa mwezi fedha haionekani? Leo nitashughulika na hilo tu.

Nianze na punguzo la bei, maana hapo huvuja nyingi bila mwenyewe kujua. Chukua bidhaa unayoinunua kwa 70 na kuiuza kwa 100. Faida yako ni 30. Mteja anaomba asilimia 10, unaona ni kidogo, unakubali. Umeuza kwa 90, faida imebaki 20. Bei imepungua kwa asilimia 10, lakini faida imepungua kwa theluthi nzima! Kama ulikuwa ukiuza vipande 100, sasa sharti uuze 150 ndipo uipate faida ileile. Hao wanunuzi wa ziada watatoka wapi? Na bado hatujagusa kodi ya pango, umeme wala usafiri. Kwa hiyo mteja akibembeleza, piga hesabu kwanza. Mpunguzie anayechukua mzigo mkubwa na kulipa taslimu. Mwingine mpelekee mzigo hadi kwake, ikiwa gharama yake ni ndogo kuliko punguzo analotaka.

La pili ni mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa sasa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Imeangusha biashara nyingi zilizokuwa na faida kabisa kwenye daftari. Mwenye mzigo anataka chake baada ya siku 30, mteja wako atalipa baada ya siku 60. Mwezi huo wa katikati unaubeba wewe, kwa mtaji wako. Basi mkubaliane tarehe kabla mzigo haujatoka, iandikwe, na umkumbushe siku chache kabla haijafika. Msione haya, tafadhali. Kudai chako kwa upole ni sehemu ya kazi.

Mzigo uliolala nao ni fedha iliyofungwa. Uuzeni hata kwa bei ya kununulia. Hapo ndipo punguzo lina kazi yake.

Na mjilipe mshahara, kiasi kilekile, tarehe ileile. Anayechota kwenye droo kila haja inapotokea hatajua kamwe kama biashara inamlisha au anaila.

Leo jioni, kabla ya kufunga, kila mmoja aorodheshe wanaomdai, anaowadai, na tarehe za kulipana. Atakayeshindwa kuijaza orodha hiyo aanzie hapo. Karibuni maswali.