Kikombe kinachojimwaga chenyewe

Shikamooni wazee wangu, na vijana wenzangu, habari za nyumbani? Juzi mama mdogo alinipigia simu kutoka Sumbawanga. Akaniuliza, "Mwanangu, ile gesi ya heliamu waliyotangaza mwaka 2016 kwamba ipo huku Rukwa, ninyi huko Oxford mnaifanyia nini?" Nikamwambia, mama, subiri nitakuonyesha. Kwa hiyo video hii ni yake, ninyi kaeni naye mtazame.

Mimi ni fundi kwenye maabara ya baridi kali. Hii hapa ni chupa ya kioo yenye kuta mbili, ndugu yake ile chupa ya chai ya nyumbani. Ndani mna heliamu iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, nyuzi 269 chini ya sifuri. Mnaona inavyochemka, mapovu tele. Sasa nawasha pampu ivute mvuke, baridi iongezeke. Tulieni kidogo... msipepese macho... hapo! Mmeona? Mapovu yamekata yote kwa mpigo, maji yametulia tuli. Tumefika karibu nyuzi 271 chini ya sifuri. Nimeliona jambo hili mara nyingi mno, na mpaka leo likitokea nashusha pumzi.

Kuanzia hapo heliamu inatiririka bila mnato wowote, yaani bila kule kujivuta kama asali. Wanafizikia Kapitza wa Moscow, na Allen na Misener wa Cambridge, walilitangaza hilo Januari 1938. Lakini ninachotaka mkione leo ni utando wake, ile ngozi nyembamba ya heliamu inayojitandaza ukutani.

Kuna kikombe kidogo cha kioo nimekining'iniza kwa uzi. Nakizamisha, kinajaa, nakiinua juu ya maji. Hakina tundu, hakina ufa. Sasa tazameni kitako chake, nasogeza kamera. Kuna tone linakusanyika pale chini. Linavimba... limedondoka.

Aliyekulia kwenye koroboi anajua: hata ukiijaza kwa uangalifu, asubuhi ukiishika ubavuni vidole vinanuka mafuta ya taa. Mafuta yametambaa. Heliamu nayo inatambaa, ila yenyewe haina cha kuishika. Chembe zake zinavutwa na kioo kuliko zinavyovutana zenyewe, kwa hiyo zinajitandaza juu ya ukuta wote ulio baridi. Unene wa utando huo ni kama nanomita 30, yaani chembe mia moja hivi zikipangwa moja juu ya nyingine. Kitu kingine chochote cha majimaji, katika utando mwembamba hivyo, yangekwama kwa mnato wake. Hii inapanda ukuta wa ndani, inavuka ukingo, inashuka nje. Mnajua mtu anavyonyonya petroli kwenye tangi kwa mpira? Hapa utando wenyewe ndio mpira.

Daunt na Mendelssohn waliupima hapahapa Oxford, 1938 na 1939. Walichokuta kinanishangaza hadi leo. Ungetegemea kikombe kikiinuliwa juu zaidi kimwagike haraka zaidi, maana maji yanaporomoka kutoka mbali. Wapi! Kasi haibadiliki. Baridi ikiwa ileile, kinachoamua ni urefu wa mzunguko wa ukingo. Ukingo wa sentimita 10, kioo kikiwa safi, unapitisha kama nusu kijiko cha chai kwa saa.

Kazini jambo hili lina gharama. Utando hupanda hata bomba la pampu, ukifika kwenye joto unageuka mvuke, pampu inazidiwa na baridi inagoma kushuka. Ndiyo maana bombani tunaweka kibati chenye kitundu kidogo, ili ukingo wa kupitia uwe mfupi. Mwaka wangu wa kwanza nilikisahau. Tulipoteza usiku mzima wa vipimo, na heliamu ni ghali.

Sasa punguzeni utando mpaka ubaki chembe mbili tatu kwenda juu. Wanafizikia Kosterlitz na Thouless, wakiwa Birmingham, walieleza mwaka 1973 kwamba humo mna vimbunga vidogo vinavyotembea wawiliwawili, kimoja kinazunguka kulia, mwenzake kushoto. Joto likipanda, jozi zinaachana, kila kimoja kinatangatanga peke yake, na ule mtiririko usio na mnato unakatika ghafla. Mwaka 1978, kule chuo kikuu cha Cornell, Marekani, Bishop na Reppy walichukua utepe mrefu wa plastiki, wakaukunja kama mkeka, wakautandazia heliamu, wakauning'iniza uwe unajipindapinda. Utando ulipopoteza mnato haukuufuata tena utepe, na mtikisiko ukawa wa haraka zaidi. Hesabu zilikubali. Kosterlitz, Thouless na Haldane wakapewa Nobel ya fizikia mwaka 2016, mwaka uleule wa Rukwa.

Mama mdogo, hiyo iliyo chini ya ardhi yenu imezaliwa na urani na thori, madini yenye mionzi, zikioza ndani ya miamba ya kale, kwa mamilioni ya miaka. Chembe ni zilezile za humu chupani.

Nanyamaza sasa, kikombe bado kina maji. Tazameni kitakoni. Hilo moja... na jingine linakuja.