Akigonga Mlango Wako Usiku

JUMA: Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Na wasikilizaji walioamkia kimoyomoyo, marahaba vilevile.

JUMA: (anacheka) Karibuni tena kipindini. Leo ni vipigo vya majumbani, ila tumekubaliana tusianze na mpigaji wala anayepigwa. Tunaanza na jirani, wifi, mfanyakazi mwenzake, yule anayegongewa mlango saa sita ya usiku. Kwa wageni wetu, Shangazi ni msaidizi wa kisheria, anajitolea mtaani kwetu hapa Dar, na yeye ndiye aliyeng'ang'ania tuanzie huko. Kwa nini lakini?

SHANGAZI: Kwa sababu polisi huwa si wa kwanza kuambiwa. Hakimu ndiyo kabisa. Anaambiwa dada mtu, au mama wa chumba cha pili mnayechangia naye uwanja. Sasa yule wa kwanza akijibu "vumilia mwenzangu, ndoa ndivyo zilivyo", basi mdomo umeshafungwa. Habari zake utazisikia tena akiwa wodini.

JUMA: Ila wanaosema "vumilia" si watu wabaya, Shangazi.

SHANGAZI: Wabaya wapi! Ndio mama zetu. Ule utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 uliwauliza Watanzania: mume ana haki ya kumpiga mke akiunguza chakula? Akibishana naye? Akitoka bila kuaga? Wanawake 58 kati ya 100 walikubali angalau sababu mojawapo. Wanaume walikuwa 40.

JUMA: Ngoja kwanza. Wanawake wengi kuliko wanaume?

SHANGAZI: Unashangaa nini? Mwali anafundwa kwamba ya chumbani hayatoki nje. Akitoka hapo anamwona mama yake anajifunika kanga mpaka kwenye shavu na kusema kajigonga mlangoni. Miaka ishirini ya somo hilo hilo. Ndiyo maana na hesabu za waliopigwa mimi nazisoma kwa tahadhari. Utafiti huo huo, wa 2022, unasema wanawake 27 kati ya 100 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Hao ni waliokubali kumwambia mdodosaji, mtu wasiyemjua, ana karatasi mkononi.

JUMA: Na sheria inasemaje? Maana kijiweni utasikia "mke wangu, mahari nimetoa mimi".

SHANGAZI: Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Ina umri kuliko wengi wa hao wa kijiweni. Kifungu cha 66 kinasema waziwazi: hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Na ukimjeruhi, unaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, kifungo mpaka miaka mitano. Mahari haimo humo.

JUMA: Kwa hiyo sheria tunayo.

SHANGAZI: Tunayo nusu. Sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani hatuna. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015, na kule mahakama inaweza kumwamuru mtu akae mbali na nyumba hata kabla kesi haijaisha. Sisi tunaunganisha vipande: Sheria ya Ndoa kidogo, Kanuni ya Adhabu kidogo. Na kuna jambo ambalo huwa linanichoma: kumwingilia mke kwa nguvu hakuhesabiwi ubakaji hapa kwetu, isipokuwa kama wametengana. Haya, turudi mlangoni.

JUMA: Turudi. Amegonga. Analia, mtoto mgongoni. Nifanye nini?

SHANGAZI: Mfungulie, mpe pa kukaa, mpe maji. Halafu nyamaza. Usimuulize "umemfanya nini?" Watu wanaliuliza hilo bila hata kufikiri! Wala usianze kumtukana mumewe, maana kesho wakipatana, wewe uliyetukana ndiye utakayekimbiwa. Mwambie umemsadiki. Kisha muulize mambo mawili: umeumia wapi, na je, amekukaba koo?

JUMA: Koo? Mbona hilo umelitoa peke yake?

SHANGAZI: Kofi linaacha alama, watu wanaona. Kukabwa mara nyingi hakuachi kitu, na yeye mwenyewe atasema "alinishika shika tu". Sasa uko utafiti wa Marekani, ulitoka 2008, ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake hatari yake ya kuja kuuawa na mtu huyo inazidi mara saba hivi. Na mwilini, shingo inaweza kuvimba kwa ndani saa nyingi baadaye. Kwa hiyo sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, akiwa amejikojolea, huyo asilale kwako. Huyo ni hospitali usiku huo huo.

JUMA: Hapo sasa inakuja PF3.

SHANGAZI: PF3 ni fomu ya polisi namba tatu. Unaipata kituoni, bure kabisa, daktari anaandika alichokiona mwilini, na ndiyo inayokwenda kuzungumza mahakamani wakati majeraha yameshapona. Anayevuja damu au aliyepoteza fahamu aokolewe kwanza, karatasi itafuata. Kuna hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, Amana hapa Ilala, Mnazi Mmoja kule Zanzibar, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanampokea mtu mahali pamoja asizungushwe. Na kama ameingiliwa kwa nguvu, saa 72 zina maana: dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi lazima ianzwe ndani ya hizo, na mapema ndiyo bora. Asioge kwanza. Nguo zake zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si rambo, kwenye rambo zinaoza na ushahidi unaharibika.

JUMA: Kituoni waulizie nini?

SHANGAZI: Dawati la Jinsia na Watoto. Yako zaidi ya 400 nchini. Askari wa hapo wanatakiwa wamsikilize faraghani, si pale kaunta mbele ya waliokuja kudai simu zilizoibiwa. Na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Andikeni, pigeni picha. Mtu bila RB, wiki ijayo anaambiwa hajawahi kufika.

JUMA: Tuseme ukweli, Shangazi. Wapo wanaofika wakaambiwa "kamalizaneni nyumbani".

SHANGAZI: Wapo, wala sitawatetea. Ndiyo nasema usimwache aende peke yake. Mwanamke peke yake mwenye jicho limevimba anarudishwa. Akiwa na mtu pembeni ameshika kalamu anaandika jina la askari, mazungumzo yanabadilika. Wakikataa, ombeni kumwona mkuu wa kituo. Wala huhitaji kuwa wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma yetu hailipiwi. Anayekudai hela ya kukuandikia malalamiko huyo mkimbie.

JUMA: Sasa swali ambalo kila mtu analo. Kwa nini haondoki?

SHANGAZI: Mimi huligeuza. Aondoke aende wapi? Nyumba za hifadhi ni za kuhesabu. Kwao wanamwambia mahari imeshaliwa. Na kuondoka kwenyewe ndipo penye hatari kubwa, maana mwanamume wa aina hiyo, siku akijua kwamba kweli anaachwa, ndiyo siku anayofanya asilowahi kufanya. Kwa hiyo wewe unayemwambia "ondoka leo hii", umempangia nini? Mtu hatoki kwa hasira. Anatoka kwa mpango.

JUMA: Mpango upi?

SHANGAZI: Kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, karatasi za kiwanja kama zipo. Kama kuchukua asili kutaleta maswali, atoe kopi, azihifadhi kwa mtu ambaye mume hamdhanii. Shoga yake wa kila siku hafai, ndipo atakapotafutwa kwanza. Na simu! Hapo mabinti wanajisahau sana. Yule bwana anajua neno la siri, ameunganisha WhatsApp yake kwenye kompyuta ya ofisini, anasoma kila kitu. Asibadilishe vyote kwa mkupuo, atashtukiwa. Apigie kwa simu ya mtu mwingine.

JUMA: Wengi wanasema wanabaki kwa ajili ya watoto na mali. "Nikitoka, natoka na begi."

SHANGAZI: Na huo ndio uongo ambao waume wanawaambia wake zao kila siku, kwa hiyo niache niseme polepole. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mke hakuwa na ajira. Jaji Mkuu Nyalali akasema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe Bi. Hawa aliondoka mikono mitupu, maana mahakama ilikuta kwamba alipewa fedha ajijengee akazitumia vingine. Lakini mlango aliufungua, na kesi yake inatajwa mahakamani mpaka leo.

JUMA: Kumbe! Aliyeshinda si yeye, ni waliomfuata.

SHANGAZI: Ndivyo. Na mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria inaanza kwa kudhani ni heri akae na mama, mpaka ithibitishwe vingine. Mume akimwambia "watoto hutawaona", mke ajue anatishwa tu.

JUMA: Na kikao cha familia? Wazee wanakaa, mume anapigwa faini ya mbuzi, yameisha.

SHANGAZI: Mbuzi wanamla wazee. (wanacheka) Mimi sikatai vikao vya kugombea ada ya shule. Kwa kipigo, unamkalisha mtu mbele ya aliyempiga, wazee sita wa upande wa mume, unamwambia aseme ukweli. Atasema nini? Hata baraza la usuluhishi la ndoa, ambalo kwa kawaida lazima upitie kabla ya kudai talaka, sheria yenyewe kwenye kifungu cha 101 imeacha mwanya: mahakama ikiona kuna hali isiyo ya kawaida, unaweza kwenda moja kwa moja. Anayeogopa kuuawa aulizie mwanya huo.

JUMA: La mwisho ni letu wanaume. Rafiki yangu anampiga mkewe, mimi najua, tunacheza bao pamoja. Nifanyeje?

SHANGAZI: Usimwendee na maneno uliyoambiwa na mkewe. Akijua mke kasema, atakayelipa ni mke, usiku huo huo. Sema uliyoyaona au kuyasikia mwenyewe: "Jana nilisikia kelele. Sikupenda." Basi. Wengi wao wanaendelea kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kuwaambia hata hayo maneno manne. Ila ukisikia anaua mtu usiku ule, usiende kuwa shujaa peke yako. Amsha majirani wengi, pigeni kelele, pigeni simu polisi.

JUMA: Na nikimsaidia mke, kesho nikamkuta kamrudia?

SHANGAZI: Usimnunie. Wengi hurudi, tena zaidi ya mara moja. Kopi zake ziendelee kukaa kwako, na usimdai shukrani.

JUMA: Tuishie hapo. Kipindi kijacho Shangazi atachukua maswali ya mgawanyo wa mali na matunzo ya watoto. Mkituma, elezeni kisa, msitaje majina ya watu wala mtaa. Na dada unayetusikiliza kwa simu ya nyumbani, ukimaliza futa kipindi hiki kwenye orodha ya ulivyosikiliza.