Jinsi ya Kukausha Majani ya Mlonge na Kumlisha Punda

Assalamu alaikum, watazamaji wetu. Leo tupo Konde, kaskazini mwa Pemba, na huyu anayetafuna kamba nyuma yangu ni punda wa gari, ambaye kazi yake ni kuvuta mchanga na magunia, na chakula chake kikubwa ni nyasi na pumba za mpunga. Wafugaji wa farasi wa Ulaya huwaongezea wanyama wao matunda makavu ya waridi mwitu; sisi tunao mlonge uani, nao haupandi ndege.

Wauzaji wengi wa mlonge husifu vitamini C iliyomo ndani yake. Punda, kama farasi, hujitengenezea vitamini hiyo katika ini lake, kwa hiyo mimi simpi kwa ajili hiyo. Ninachokitafuta ni kalsiamu. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mnyama anayezitegemea kwa muda mrefu huchota kalsiamu kutoka katika mifupa yake mwenyewe, hata mifupa ya uso ikavimba. Majani ya mlonge yana kalsiamu kwa wingi, ingawa hayatoi ruhusa ya kujaza pumba horini: zipunguze, uongeze nyasi.

Kata matawi machanga, yasuuze, yakung'ute, kisha pukuchua majani. Magome na mizizi usiviguse, kwani vina sumu.

Sasa tandaza majani kivulini penye upepo, yasilaliane. Sisi tumezoea kuanika karafuu juani, na mkono huelekea huko wenyewe, lakini jua kali huharibu vitamini A ya majani haya. Jamvi la karafuu nalo liache palepale lilipo, kwa sababu harufu yake haitoki, na bwana huyu akiinusa hukunja mdomo wa juu, akaonyesha meno yote, akaondoka.

Hebu sogeza kamera hapa. Hapana, chini zaidi, katikati ya jamvi. Mnaliona donge hili lenye weusi? Juu majani yanavunjika kama kaukau, chini yamelala na unyevu. Hili tunalitupa lote, hatulichambui. Hewa ya baharini ni nzito, kwa hiyo geuza majani asubuhi na jioni, na usiku uyaingize ndani. Usiamini jani, amini kikonyo: ukikikunja, kikatike kwa mlio. Kikipinda tu, bado. Nasema tena, kikipinda bado, hata kama mwenye gari anakuharakisha. Punda hawezi kutapika, na ukungu ukishaingia tumboni mwake hauna njia ya kurudi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi sikaushi kabisa. Hutumia akiba ya kaskazi.

Yaliyokauka yafikiche kwa mkono, uyatie katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Wengine huyatwanga yakawa unga, lakini unga humpanda punda puani akapiga chafya, na nusu yake huishia kwenye kanzu ya anayemlisha.

Anza na konzi moja kwa siku, ukichanganya na pumba zilizonyunyiziwa maji kidogo, kisha ongeza polepole kwa muda wa wiki mbili hadi konzi nne. Usiruke hatua, kwa sababu vijidudu vya utumbo wake vinavyosaga nyasi huhitaji muda wa kuzoea chakula kipya. Maji safi yawepo wakati wote.

Punda huficha maumivu, kwa hiyo akisusa chakula au akijitazama ubavuni mara kwa mara, acha mlonge na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje agaegae. Majani makavu ninayauza kwa pakiti hapa Konde, ila mwenye mti uani asinipe fedha yake. Anunue jamvi jipya.