Mkifulia Ndipo Mnakula Vizuri

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wafanyakazi jijini Mwanza, umeandikwa kama ulivyosemwa)

Mwadila! Haya, mmeitikia kivivu lakini nimepokea. Ndugu mwenyekiti, asante kwa kunialika. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa nikitupa macho ukumbini naona wa kuniitikia marahaba hawafiki watano.

Barua ya mwaliko imesema nizungumzie "ulaji endelevu na ubora wa mlo kwa watu wazima walio kazini". Maneno makubwa hayo. Mimi nitazungumzia dagaa. Naona mnaonijua mmeanza kucheka. Huko nilikofanya kazi ya lishe miaka thelathini waliniita Mama Dagaa, wakidhani wananitania, nami nikaitika mpaka nikastaafu. Wasionijua msiwe na wasiwasi, sitawafundisha makundi ya chakula. Mliyasoma darasa la nne, mkayajibu kwenye mtihani, mkayaacha hukohuko.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Mfanyakazi wa Mwanza anakula vizuri akiwa amefulia, mfuko mtupu. Mshahara ukiingia, anaanza kula vibaya.

Mnabisha? Chukueni kalenda. Tuseme mshahara umeingia tarehe 24. Kuanzia jioni ile mpaka kama tarehe 5 ni chipsi kuku, chipsi mayai, nyama choma na soda baridi, na mtoto analetewa keki kwenye mfuko. Ikifika tarehe 10 kuku anaanza kupotea. Tarehe 15 mke anatoa mfuko wa dagaa uliokuwa nyuma ya debe la unga. Tarehe 18 mnakula ugali, dagaa wa kuungwa na ngogwe, mchicha, maharage kesho yake, na papai la uani kwa sababu la sokoni linataka hela. Yaani tarehe 18, ukiwa umenuna na hutaki hata kupokea simu, sahani yako ndiyo ile ambayo sisi wa lishe tunaichora kwenye mabango. Tarehe 24 mshahara unaingia tena na sahani inaharibika.

Sasa niwape kisa cha mhasibu. Najua wengine mmekisikia. Vumilieni, wageni wapo.

Katika halmashauri moja, siitaji, tulikuwa na kaka mhasibu, mtu nadhifu kweli, kola imenyooka kama rula. Kaka huyu mwezi ukianza alikula mbele za watu. Chipsi kuku zililetwa na kijana wa pikipiki, akazifungulia mezani pale pa mapokezi, soda pembeni, na anakutazama unavyomtazama. Katikati ya mwezi haonekani. Saa sita na nusu mchana anafunga mlango kwa ufunguo. Tukadhani anasali.

Siku moja napita kwenye korido, nasikia harufu. Nyie mnaijua. Dagaa haombi ruhusa, anapita chini ya mlango. Paka wa ofisi alikuwa tayari amekaa pale mlangoni, anasubiri haki yake. Kumbe mwenzetu alikuwa anabeba hotpoti ndani ya mkoba wa kompyuta! Kompyuta anaiacha nyumbani, anabeba ugali wa muhogo na dagaa.

Sasa siku hiyohiyo wakaguzi wakafika bila taarifa. Wanagonga. Yeye ndani anahangaika, hotpoti haifungi, akaisukuma kwenye droo ya vocha, akafungua mlango na tonge shavuni. Wakaguzi wakaomba vocha. Droo ikafunguliwa. Nawaambia, vocha za robo mwaka nzima zilikuwa zimeungwa nyanya na vitunguu. Hoja ya ukaguzi iliyoandikwa ilisema "nyaraka zimechafuliwa na kitu chenye asili ya mafuta". Tuliijibu hoja ile miezi minne.

Mnacheka, lakini mimi nilichungulia ile hotpoti. Ugali, dagaa wazima na vichwa vyao, mchicha, na pembeni kipande cha chungwa. Sikuona cha kusahihisha. Mtu alikuwa anafunga mlango kuficha mlo bora kuliko wote jengo zima, na ule wa kumwongezea presha anaulia mapokezi. Huyo kaka kastaafu, anafuga kuku. Anakwenda Kirumba Mwaloni kununua dagaa kwa gunia, anawapa kuku. Halafu kuku mnamjua anaishia wapi. Anaishia juu ya chipsi, kwa bei ambayo ingekununulia dagaa wa wiki.

Hapo ndipo neno "endelevu" linapoingia, kama mwenyekiti alikuwa anahofia nimelisahau. Dagaa wetu anavuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, anaitwa na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola. Asubuhi anaanikwa, wengine mchangani, wengine juu ya miamba, wenye akili kwenye vichanja. Jua likiwa kali, siku moja amekauka. Hahitaji friji, hahitaji barafu, na mkaa anaotaka jikoni ni kidogo. Anakua haraka na kuzaa haraka kuliko sangara, na ukipima kwa uzito ndiye anayebeba sehemu kubwa ya samaki wanaotoka ziwani siku hizi. Kilo moja ya dagaa mkavu zaidi ya nusu yake ni protini. Kwa kuwa unamla na mifupa unapata kalsiamu ambayo mnofu wa sangara haukupi, unapata madini ya chuma na zinki, na kichwa usichokitaka kina vitamini A. Kisha samaki huyu, sehemu kubwa yake inasagwa kuwa chakula cha mifugo! Msimu wa mvua ndiyo balaa, dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka, safari yao ni kwenye mashine ya chakula cha kuku moja kwa moja. Mimi sina ugomvi na kuku. Nina ugomvi na mtu anayeishi mita mia mbili kutoka ziwani, anayemla dagaa baada ya kupitishwa kwanza kwenye tumbo la kuku.

Kuna atakayesema, "Mama, ni muda tu. Kazini hatuna nafasi ya kupika." Sikubali. Chipsi unazisubiri dakika ishirini, umesimama, unapulizwa moshi. Nimewahi kukaa na mama ntilie mmoja pale Kirumba, nikamuuliza kwa nini hauzi dagaa. Akanijibu, "Napika, lakini wa kwangu. Nikiweka kwenye menyu wateja wanauliza kama nimeishiwa." Anawahudumia wali na nyama mpaka saa tisa, wakiondoka anafungua sufuria yake ndogo.

Kwa hiyo tatizo ni heshima. Na heshima hiyo nina hisia ilikotoka. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili, na viwanda vya minofu vilipojaa hapa Mwanza miaka ya 1990, mnofu ukapanda ndege na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Kizazi kizima kilikua kikiona kwamba samaki mzuri ni wa watu wengine, na chenye kichwa na mifupa ni makombo. Mtoto aliyekulia hapo, siku anapopata mshahara, lazima anunue kitu kisicho na kichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo. Mshahara wangu wa kwanza nilikula kuku peke yangu, robo tatu, nikaumwa tumbo.

Mwingine atasema dagaa wanaleta gauti. Huyo namheshimu, kwa sababu ana hoja. Dagaa wana kile kinachoongeza asidi ya uriki mwilini, na aliyekwisha kuambiwa na daktari ana gauti asikilize daktari, asinisikilize mimi. Lakini ndugu yangu wa nyama choma na bia, tafadhali, usije hapa ukamsingizia dagaa. Bia na nyama nyekundu ziko kwenye orodha hiyohiyo ya daktari, mbona hizo hukuzitaja?

Na wa tatu, naona kijana kule ameshika kidole, atauliza kama tukila wote dagaa hawataisha. Swali zuri. Wataisha tukivua kwa nyavu za matundu yaliyokatazwa, zinazokomba na watoto wa sangara na sato. Hao wanaovua hivyo hawavui kwa ajili ya sahani yako peke yake. Ukimla dagaa mwenyewe badala ya kumpitisha kwa kuku, unahitaji dagaa wachache kushiba protini ileile. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kumbe dakika zangu nimezimaliza kwenye droo ya vocha. Basi nikimbie.

Sembe. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinaondoka, na vitamini B nyingi na nyuzinyuzi zinaondoka navyo. Kuleni dona, au changanyeni na mtama. Bibi zenu walijua. Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa mlo wote wa siku, siyo kwa sahani. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinavyokaribia tisa, na zile kreti mlizozipanga pale mlangoni nimeziona wakati naingia. Nimezihesabu. Mimi nipeni maji.

Dengu: Usukuma tunazilima, zinapakiwa zinakwenda India, na sisi tunanunua soseji. Nilikuwa na mengi hapo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa ya karanga, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, nilikuwa nimewaandalia nusu saa nzima, naiacha. Matunda na mboga ni gramu 400 kwa siku, machungwa ya Ukerewe yanapita hapa kwa boti, sioni kisingizio. Mafuta ya chipsi yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi, yakimbieni.

Ndiyo, mama wa kitenge cha bluu, uliza. Mchanga kwenye dagaa unautoaje? Ahaa. Hilo swali linanifaa kuliko yote, na mwenyekiti atanisamehe.

Nunua wa kwenye kichanja kama unawapata, uliza muuzaji bila aibu. Ukipata wa mchangani, usiwaoshe wakavu moja kwa moja. Wachambue, kisha wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto mdogo, mpaka wawe wepesi na harufu ikatike. Wamwage kwenye bakuli pana la maji ya vuguvugu. Tikisa kidogo kwa vidole, halafu waache watulie. Mchanga utazama. Hapa ndipo wengi mnakosea, mnamimina maji na mchanga unarudi juu yao. Watoe dagaa kwa mkono, kutoka juu, wahamishie bakuli jingine lenye maji safi. Rudia mara tatu, mara nne. Maji ya mwisho yakibaki hayana chembe chini ya bakuli, weka sufuria jikoni, na vitunguu usivibanie.